Nyota inayopiga hodi: Tusiitetee Qur'an kwa hoja dhaifu

 

Ndugu msomaji, leo nina jambo la kukiri na nina somo. La kukiri ni langu mwenyewe, somo ni letu sote.

Ninafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa vijana wa sekondari huku Masieda, wilayani Mbulu. Waislamu wa huku hatuko wengi kama wa Tanga au Kondoa. Vijana wetu wanakaa dawati moja na wenzao wa dini nyingine, wanacheza pamoja na wanaulizana maswali ya imani bila kuoneana haya. Kwa hiyo mwalimu unakuwa na hamu kubwa ya kuwapa vijana hoja nzito, ili wakiulizwa wasiiname.

Siku moja tulikuwa tunasoma sura ya 86, Suratut-Twaariq. Nikawaeleza yale niliyoyasikia katika kanda za mihadhara tangu nikiwa chuo kikuu: kwamba neno Twaariq asili yake ni kugonga, kubisha hodi, kwamba wanasayansi wamegundua nyota zinazogonga, ziitwazo pulsa, na kwamba Qur'an ilishazitaja miaka 1400 iliyopita. Nikatoa simu yangu nikawasikilizisha mlio wa nyota hizo: to, to, to, to. Kisha nikaongeza la kwangu. Nikasema nyota hiyo ni saa ya Mwenyezi Mungu, haikosei hata kwa ukope wa jicho. Darasa likaitikia takbir.

Takbir zilipotulia, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Akauliza, "Ustadhi, na siku nyota hiyo ikikosea, tutasemaje?"

Nikamjibu, "Haikosei." Akakaa. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua nimemjibu kitu nisichokuwa na elimu nacho. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba nyota hizo hukosea, na kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu undani wake tumeyapata kutokana na makosa hayo hayo.

Nyota hizi ni kitu gani?

Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, mwanafunzi aitwaye Jocelyn Bell alikuwa akikagua karatasi ndefu za mchoro kutoka katika chombo cha kupokea mawimbi ya redio yatokayo mbinguni. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Ilipochunguzwa ikaonekana ni mapigo yanayojirudia kila baada ya sekunde 1.337. Utaratibu ule uliwashangaza hata wakataniana kwamba labda ni viumbe wa mbali wanaotuma salamu. Baadaye zikapatikana nyingine, na ikafahamika kuwa ni nyota.

Nyota kubwa kuliko jua letu mara nane na zaidi inapomaliza nishati yake, kiini chake huporomoka kwa ghafla na tabaka za nje hulipuka. Kinachobaki katikati ni tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi, kama mwendo wa kutoka Posta hadi Tegeta, lakini lina uzito unaolizidi jua zima. Kijiko kimoja cha chai cha mada hiyo kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Hiyo ndiyo nyota ya nyutroni. Na kama mtoto anayezunguka huku amenyoosha mikono, kisha akaikunja kifuani na kujikuta anazunguka kwa kasi zaidi, ndivyo nyota hiyo inavyopata kasi kubwa mno inapojikunja.

Nyota hiyo hutoa mwale wa mawimbi ya redio, na mwale huo huzunguka pamoja nayo kama taa ya mnara wa bandarini. Kila mwale unapotupitia tunapata pigo moja. Hapa kosa langu la kwanza likawa wazi. Nyota haigongi chochote, wala sauti haisafiri katika anga tupu. Mlio niliowasikilizisha wanafunzi umetengenezwa na vipaza sauti vya huku duniani, kama redio yako inavyogeuza mawimbi kuwa sauti ya mtangazaji.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli mapigo hayo yana utaratibu wa ajabu. Lakini pulsa zinazotoa mawimbi ya redio kwa kawaida hupungua kasi siku hadi siku, kwa kuwa zinapoteza nguvu. Nyingine huyumba kidogo kidogo. Na nyingine, ghafla tu, huruka.

Uhuru, kutoka pwani ya Malindi

Kabla ya kufika kwenye mruko huo, nikupeleke kwanza kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, maana somo kubwa la makosa ya mapigo lilianzia hapo.

Kaskazini mwa Malindi, katika bahari ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma juu ya maji waliloliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa hilo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni. Miali hiyo haifiki ardhini kwa sababu hewa inaizuia, hivyo ni lazima uifuate huko juu. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Hapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata kasi, na setilaiti inayopita juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembechembe za angani ambazo huvuruga vyombo.

Mwaka 1971, wataalamu chini ya uongozi wa Riccardo Giacconi walitangaza kuwa Uhuru imeona mapigo ya eksirei kutoka chanzo kiitwacho Centaurus X-3, pigo moja kila sekunde 4.8. Nyota za kundi la Centaurus sisi huku Masieda tunaziona vizuri upande wa kusini katika usiku wa mwezi wa Mei.

Tatizo likawa mapigo hayana muda mmoja. Saa nyingine yanafika yamebanana kidogo, saa nyingine yameachana kidogo. Mtu mvivu angesema chombo kimeharibika, au angezitupa namba zisizopendeza akabaki na zile zinazopendeza. Wao hawakuzitupa. Walizipanga zote, wakaona kwamba kubanana na kuachana huko kunajirudia kila baada ya siku 2.1. Tena katika kila mzunguko huo, eksirei zinapotea kabisa kwa muda wa karibu nusu siku, kisha zinarudi.

Ndugu msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara basi likapita huku linapiga honi? Likija, sauti ni nyembamba. Likishakupita, sauti inakuwa nene. Honi ni ile ile, kilichobadilika ni mwendo wa basi kuja kwako na kukuacha. Centaurus X-3 nayo ni hivyo. Nyota ile ndogo inaizunguka nyota nyingine kubwa sana. Ikija upande wetu mapigo yanabanana, ikienda mbali yanaachana, na ikipita nyuma ya mwenzake inafichika. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa hiyo lile lililoonekana kuwa kosa la mapigo lilikuwa habari ya mwenza asiyeonekana katika eksirei, na likawa pia mizani, kwani ukijua mwendo wa nyota mbili zinazozungukana unaweza kukadiria uzito wake.

Wakaona na jambo jingine. Miaka ilivyokwenda, nyota hii ilionekana kuongeza kasi badala ya kupunguza. Sababu ni kwamba inavuta gesi kutoka kwa mwenzake. Gesi ikiiangukia inaisukuma, kama unavyolipiga gurudumu la baiskeli kwa kiganja ili lizidi kuzunguka. Na joto la gesi hiyo inayoanguka ndilo linalotoa eksirei.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa mchango wake katika elimu ya eksirei za mbinguni. Nimewauliza walimu wenzangu wengi kama wanajua kuwa setilaiti yenye jina la Kiswahili, iliyoruka kutoka pwani ya Waswahili, ilifungua mlango huu. Sikupata aliyejua, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Kanda za miujiza ya sayansi tunazo tele, lakini sayansi iliyofanyika mlangoni kwetu hatuna habari nayo.

Yai bichi na yai la kuchemsha

Sasa turudi kwenye mruko. Makosa ya Centaurus X-3 yalieleza habari za nje ya nyota, yaani mwendo wake na mwenzake. Kuna makosa mengine yanayoeleza habari za ndani.

Katika kundi la nyota liitwalo Vela, neno lenye maana ya matanga ya chombo, si mbali na Suheili ambayo manahodha wetu wanaifahamu, ipo pulsa inayozunguka mara 11 kwa kila sekunde. Iko umbali wa karibu miaka elfu moja ya mwendo wa mwanga. Kila siku muda wake wa mzunguko unaongezeka kwa sehemu 11 hivi za bilioni moja ya sekunde. Yaani inachoka polepole, na uchovu wake unapimika. Lakini kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 1969, makundi mawili ya wataalamu, moja Australia na jingine Marekani, yaligundua kuwa imeongeza kasi ghafla kwa takriban sehemu mbili katika milioni.

Hicho ni kiasi gani? Saa ya ukutani ya msikiti wako ikizidi kasi kwa kiasi hicho, itachukua mwaka mzima kuwa mbele kwa dakika moja tu. Kwetu si kitu. Lakini kwa tufe lenye uzito wa jua na zaidi, kuongeza kasi hivyo kwa ghafla ni jambo zito. Nani kalisukuma?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ganda la nyota limepasuka na kujikunja, mfano wa tetemeko la ardhi. Jibu hilo lingeweza kufaa kwa miruko midogo. Lakini Vela iliendelea kuruka, kwa wastani wa mara moja katika kila miaka mitatu hivi, na miruko yake ni mikubwa mno kwa tetemeko kuweza kujirudia haraka namna hiyo. Tena baada ya kuruka haitulii mara moja. Inachukua wiki na miezi kurudi karibu na mwendo wake wa zamani.

Ukitaka kuelewa jibu la pili, ingia jikoni. Chukua yai bichi na yai la kuchemsha, uyazungushe juu ya meza. Liguse la kuchemsha kwa kidole lisimame, kisha liachie. Limesimama moja kwa moja. Fanya hivyo kwa yai bichi. Utashangaa, ukiliachia linaanza kuzunguka tena lenyewe! Wewe ulisimamisha ganda tu, ute wa ndani ulikuwa bado unazunguka, na ndio uliolivuta ganda.

Wataalamu wanaona kuwa nyota ya nyutroni inafanana na yai bichi. Ganda lake ni gumu, na ndilo linalopunguza kasi. Ndani yake mna kimiminika cha nyutroni kisicho na msuguano kabisa, ambacho hakifuati upesi mwendo wa ganda. Ganda linachelewa, cha ndani kinabaki na kasi yake ya zamani, tofauti inazidi kukua. Siku inapofika kile kilichozuia kinaachia, na cha ndani kinalipa ganda kasi yake kwa mkupuo. Huo ndio mruko. Na ule utulivu wa wiki na miezi ndio unaoonyesha kwamba ndani hamna jiwe tupu, maana jiwe lingetulia mara moja.

Fikiria, ndugu yangu. Hakuna aliyefika huko, wala hakuna chombo kitakachochimba nyota hiyo. Lakini tumejua ndani yake mna kimiminika, kwa sababu kuna watu waliohesabu mapigo kwa uaminifu na hawakuificha namba iliyowakosesha raha.

Tarehe 12 Desemba 2016, miaka 46 kamili tangu Uhuru iruke Ngomeni, wataalamu wa Australia wakiitazama Vela kwa chombo chao kilichopo kisiwa cha Tasmania waliushuhudia mruko wenyewe ukitokea, pigo kwa pigo. Pigo moja halikuonekana kabisa, kisha nyota ikaruka. Uchunguzi wa namba hizo uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mruko ulikamilika ndani ya sekunde zisizozidi 13, na kwamba nyota ilizidisha kasi kupita kiasi kwanza ndipo ikarudi nyuma kidogo. Kwa hayo wakaona kuwa ndani ya nyota hiyo kuna zaidi ya tabaka moja la kimiminika. Ile siku ambayo nyota "ilikosea" ndiyo iliyowafundisha zaidi kuliko siku elfu ilizokwenda sawa.

Mtume (saw) alikataa hoja ya namna hii

Sasa turudi kwenye dini yetu, maana ndiko nilikokosea.

Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (saw). Siku hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kuwa jua limepatwa kwa msiba wa mtoto wa Mtume. Ilikuwa hoja rahisi mno! Wala si yeye aliyeitunga, ni watu wenyewe. Angenyamaza tu, wengi wangezidi kuamini. Lakini kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, Mtume (saw), pamoja na majonzi yake, aliwabainishia watu kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Akawaelekeza kwenye swala na dua.

Tulizingatie hilo. Yule ambaye dini ililetwa kupitia kwake alikataa kuithibitisha kwa jambo lisilo la kweli. Mimi ni nani hata niithibitishe kwa mlio wa kwenye simu?

Wafasiri waliotutangulia walieleza kuwa Waarabu humwita twaariq mgeni anayefika usiku, kwa sababu huhitaji kugonga mlango, na nyota imeitwa hivyo kwa kuwa hudhihiri usiku. Aya zenyewe zinaibainisha kuwa ni nyota ambayo mwanga wake unapenya. Wapo waliosema ni Thurayya, wapo waliosema ni Zuhali, wapo waliosema ni jina la nyota kwa ujumla. Walitofautiana kwa adabu, na hakuna aliyeifunga aya kwenye kitu ambacho kesho kitageuka. Pulsa karibu zote hazionekani kabisa kwa macho. Tukisema aya inazikusudia hizo tu, tutakuwa tumemwambia Muarabu wa Makka kwamba aliapiwa kwa kitu asichoweza kukiona.

Na hatari yenyewe ni hii. Kijana akijengewa imani juu ya "nyota isiyokosea", siku atakaposoma kuwa inaruka hataishia kumkosoa ustadhi. Anaweza kuitilia shaka Qur'an, kumbe Qur'an haikusema hivyo. Aliyesema ni ustadhi.

Nakiri kwamba nilipofika kwenye habari za undani wa nyota nilishawishika tena. Sura hiyo hiyo inakumbusha siku ambayo siri zitadhihirishwa, nami nikataka kusema, "Tazama, siri za nyota!" Nikajizuia. Siri zinazotajwa pale ni zangu na zako. Hapo ndipo sura inapotaka tutazame.

Haya hayana maana kwamba Muislamu aiache sayansi. Kinyume chake! Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, alipima mwendo wa jua akakuta haukubaliani na alichoandika Ptolemy wa Wayunani. Hakulazimisha vipimo vifuate kitabu cha mkubwa, wala hakuvificha. Aliandika alichokiona, na Ulaya ikamsoma kwa karne nyingi. Huo ndio urithi wetu, kupima kwa uaminifu na kukubali namba inapotukosoa.

Wiki iliyofuata niliingia darasani na mayai mawili na sahani. Nikawaambia wanafunzi, "Juma lililopita nilisema nyota haikosei. Nilisema bila elimu. Nisameheni." Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Kisha tukayazungusha mayai. Lilipoanza kuzunguka lenyewe lile yai bichi, darasa zima lilisimama kuona, Waislamu na wenzao wasiokuwa Waislamu waliokuwa wakichungulia dirishani.

Yule binti hakusema kitu. Baada ya kipindi alikuja kuniomba lile yai bichi akawaonyeshe wadogo zake nyumbani. Nikampa.

Ombi langu kwa masheikh, makhatibu na walimu wenzangu ni hili. Kabla hujapanda mimbari na muujiza uliousikia kwenye kanda au kuupokea kwenye simu, muulize mtu wa fani hiyo. Ukikosa wa kumuuliza, sema sijui. Ukikosea, rudi pale pale ulipokosea useme. Imani ya vijana wetu haitavunjika kwa kumsikia mwalimu akikiri kosa. Inavunjika pale wanapogundua wenyewe kuwa walidanganywa kwa nia njema.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.